Shahidi wa Pili

Juzi nilipata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli ndogo ya kando ya barabara kuu, kazi ambayo nimeifanya katika miji mingi kuliko ninavyokumbuka, na mwenye hoteli akanipa glavu mpya za mpira, za njano. Nilipoingiza mkono, harufu ile ya mpira na unga wake wa ndani ikanipanda puani, na badala ya sinki nikaona shingo ya mbwa. Mbwa mzee, mwekundu, anayenuka kama zulia lililonyeshewa. Nilisimama pale maji yakifurika mpaka mwenye hoteli akaniuliza kama naumwa. Nyinyi wa rika langu mliolelewa ng'ambo na wazazi wa kutoka pwani hamtashangaa nikiwaambia kwamba mbwa wa kwanza niliyemgusa maishani nilimgusa kwa glavu.

Aliitwa Seneta. Mwenye mbwa alikuwa Bi Dorothy, jirani yetu wa mlango wa pili katika fleti za Oxon Hill, mama mtu mzima wa Kimarekani, mweusi, mstaafu, ambaye kila Ramadhani alitoka kwenye ngazi kuuliza kama sambusa zimeshaiva. Mwaka huo, majira ya machipuko, alikuwa anakwenda hospitali kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Hakuwa na ndugu wa karibu. Alimgongea Baba. Baba aliporudi ndani alikuwa ameshika kamba kwa ncha za vidole viwili, na mwisho wa kamba alikaa Seneta, akitutazama mmoja mmoja kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Nini hicho?" Mama akauliza, ingawa alikuwa anakiona.

"Haki ya jirani," Baba akasema.

"Haki ya jirani ina mkia?"

"Dada wa watu anakwenda kulazwa, mke wangu. Ningemwambiaje?"

Mama hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye hana nguvu za kuosha zulia mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa mate ya mbwa, na kwamba udongo wenyewe Oxon Hill uko chini ya lami. "Si unakwenda mlimani? Nenda naye."

Na kweli Baba alikuwa anakwenda mlimani, kwa shughuli ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo safari yetu haina maana.

Mwaka mmoja kabla yake, jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani, Baba na wenzake walipanda juu ya paa la fleti kutazama mwezi. Watu wetu waliotawanyika Bowie, Herndon na kwetu walikuwa wamekubaliana wasisubiri simu kutoka nyumbani bali watazame wenyewe. Baba aliona kitu chembamba, cheupe, kimejipinda juu ya magharibi. Akapaza sauti, "Huo! Umeandama!" Simu zikapigwa nyumba kwa nyumba. Asubuhi watu wakasali Idi, wakala pilau, watoto tukavaa nguo mpya. Kufika adhuhuri habari zikaja kwamba hakuna mwingine aliyeuona popote, na kwamba mwezi wenyewe haukuwa umezaliwa. Baba alikuwa ameona moshi wa ndege iliyoruka kutoka ng'ambo ya mto, jua likiupiga kutoka chini.

Kila mtu alilazimika kuilipa ile siku. Toka hapo Baba akaitwa Rubani. "Shikamoo Rubani." "Rubani, leo unatua saa ngapi?" Alicheka nao. Kisha taratibu akaacha kwenda Bowie siku za Jumapili, ambako wenzake walikutana kunywa kahawa. Alikuwa fundi wa boila katika jengo la serikali mjini, kazi ya chini ya ardhi, na kwa mwaka mzima alitoka kule chini akaja moja kwa moja nyumbani. Nilikuwa na miaka tisa na nilimwona akikaa dirishani jioni, akitazama angani kama mtu anayedai kitu.

Basi Ramadhani hiyo akatangaza kwamba atakwenda milima ya Virginia, mahali pasipo taa wala viwanja vya ndege, autazame mwezi kwa haki. Mzee Khamis wa Bowie, ambaye simu zote zilipitia kwake, akamjibu, "Nenda. Lakini mwezi wa kufungua unataka mashahidi wawili. Mchukue Haji. Haji akishuhudia nawe, tutakubali."

Ami Haji alikuwa mtu wa Mombasa, dereva wa teksi, rafiki wa Baba tangu walipotua nchi hii wote wawili na koti moja. Pia ndiye aliyecheka kuliko wote. Jina la Rubani lilikuwa la kwake.

Mimi niliingizwa safarini kwa sababu lazima pawe na mtu wa kumshika mbwa. Mama alinivisha glavu yake ya jikoni, mkono wa kulia, akanionya kwamba ulimi wa mbwa ukinigusa nitajua mwenyewe. Siku iliyofuata ya shule nikaikosa, na nikagundua kwamba shule haikuja kunitafuta. Hilo nalo lilinifunza jambo, lakini si la leo.

Tulikwenda kwa gari la Ami Haji, lile refu la teksi, na Baba ndiye aliyeendesha. "Mimi ni likizoni," Ami Haji alisema akijinyoosha kiti cha mbele. "Mpishi hapiki kwake." Tulivuka daraja la Potomac, tukaelekea magharibi, nyumba zikapungua, ng'ombe wakaongezeka, na mbele kabisa kikatokea kitu cha bluu nilichodhani ni mvua. Ilikuwa milima. Sijawahi kumsamehe mtu yeyote aliyeniambia kabla ya hapo kwamba milima ni ya kijani.

Ami Haji alinipa kazi. Kila kibao cha barabarani alitaka nikisome. "Bi mdogo, hebu soma hicho, nione kama shule yenu inafundisha." Nikasoma. "Na kile?" Nikasoma. Nilijua ananitahini, na nilitaka kufaulu, kwa hiyo nikawa nasoma vibao vikiwa bado mbali, majina ya miji, kasi, kituo cha mafuta, maonyo ya kulungu. Alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Msomi huyu! Rubani, mwanao ana macho."

"Kamrithi babake," Baba akasema bila kugeuka.

"Basi Mungu atuhifadhi."

Katikati ya vibao nilikuwa na maswali yangu. Siku hizo niliamini kwamba miezi iko miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa Marekani, maana mara nyingi Bibi alikuwa akipiga simu kutupa mkono wa Idi nasi tukiwa bado tumefunga. Niliona ni jambo la kawaida, kama saa zetu na saa zao. Kilichonisumbua ni kingine.

"Ami, mbona jua halina mashahidi?"

"Jua halina haya, mwanangu. Hujitokeza lenyewe. Mwezi ni bibi arusi, mpaka aitiwe watu."

Barabara ya juu ya mlima ilikwenda polepole, na sisi polepole zaidi. Kila baada ya maili mbili tatu palikuwa na mahali pa kusimamisha gari ukingoni, ukaona bonde lote chini kama nguo iliyoanikwa. Baba alisimama kila mahali. Alitoka, akageukia magharibi, akanyoosha mkono, akapima kwa vidole kutoka mgongo wa mlima hadi jua. Mimi na Seneta tulinusa. Palikuwa na vichaka vya maua ya waridi yaliyofunguka nusu, miti yenye maua meupe bila majani, ubaridi uliotoka ndani ya mawe ijapokuwa jua lilikuwa kali. Chini kulikuwa kumeshakuwa kijani kibichi. Juu matawi yalikuwa bado matupu. Nilimuuliza Baba vipi tumepanda mlima tukarudi kwenye baridi ya nyuma, kama kwamba siku zinarudi nyuma barabara ikipanda.  "Sijui," akasema. "Swali zuri." Hilo lilikuwa jibu lake bora kwa maswali yangu, na lilinifurahisha kuliko majibu.

Tulipiga hema chini ya misonobari. Hema lenyewe tuliazimwa, halikuwa na maelezo, na wanaume wawili waliofunga tangu alfajiri walibishana nalo mpaka karibu na magharibi. Tulifuturu kwa tende, uji wa pilipili manga kutoka kwenye chupa ya chai, na chapati za Mama. Seneta alilala kwa adabu umbali wa kamba. Wakati fulani Ami Haji aliinua fimbo akakemea, "Seneta! Toka hapo kwenye chakula!" Alikuwa akikikemea kisiki. Tulicheka sana, mimi na Baba, na Ami Haji akacheka nasi, akaendelea kukitukana kile kisiki kwa Kimvita mpaka machozi yakanitoka. Nilidhani hajapata kutokea mtu mcheshi kama yeye.

Kesho yake, siku ya ishirini na tisa, hatukufanya lolote. Baba na Ami Haji walilala kivulini kama waliofunga wanavyolala. Mimi na Seneta tulifuata kijito. Alinilamba kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia, na badala ya kuogopa nilipendezwa mno na jinsi ulimi wake ulivyokuwa na joto. Kisha nikaosha mara saba, mara moja kwa udongo mweusi wa pale, udongo mzuri, unaonuka majani. Mama angeutamani.

Alasiri tukaenda mahali pa kutazamia ambapo Baba alikuwa amepachagua jana yake. Ukingo ulielekea magharibi moja kwa moja. Mbele bonde, ng'ambo ya bonde mgongo wa mlima mwingine, na ukingoni mti mmoja mkavu uliopigwa radi. Jua likazama.  Mbali sana upande wa kulia ndege moja ilikuwa imechora mstari, na Baba aliutazama mstari ule kwa makini mpaka ukavimba na kupotea. 

Kisha akanishika bega. Aliuona yeye kwanza. Akanigeuza kichwa kwa mikono miwili, taratibu, na nami nikauona: juu ya tawi la kushoto la mti mkavu, mwembamba kiasi kwamba ukiukodolea unapotea na ukiuacha unarudi. Ulilala chali, pembe zote mbili juu.

"Haji," Baba akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Unauona?"

Ami Haji alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. "N'meuona! Alhamdulillahi! Mwembamba kama uzi!"

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umeelekea kulia, kule mstari wa ndege ulikokuwa umefia.

"Ami, si huko," nikamwambia. "Uko huku."

"Ndiyo, ndiyo, huku."

Baba aligeuka. Nyumbani, kadhi akitaka kumpima shahidi wa mwezi humuuliza maswali, na Baba aliyajua. "Haji. Pembe zake zinaelekea wapi?"

Ami Haji alikaza macho angani. "Kulia," akasema.

 Baba alikaa kwenye ukuta wa mawe, akampisha nafasi.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu." Ami Haji alikaa. Sauti yake ya mzaha ilikuwa imemtoka, nami nikaona jinsi alivyokuwa mfupi. "Daktari asema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Taa za barabarani naziona zina manyoya. Mchana si vibaya sana. Njia nazijua kwa moyo."

"Na abiria?"

Ami Haji alivua miwani, akaishika mapajani. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba miji yote niliyopita. "Siku ile juu ya paa, yakhe, mimi sikuona hata hiyo ndege. Wote wakisema, mstari ule, mstari ule, nami sioni kitu. Walipoanza kucheka nikacheka kuwapita, wasije wakaniuliza."

Ndipo vibao vyote vya barabarani vikanirudia, kimoja kimoja, na kile kisiki. Sikuwa nimefanya mtihani wowote. Macho yangu yalikuwa yameazimwa.

"Sema tumeona wawili," Ami Haji akasema. "Nani atajua? Mwezi si upo kweli?"

"Upo."

"Basi uongo uko wapi? Leo ndiyo siku yako. Kesho watu wote Bowie watakupa mkono."

Baba aliutazama mwezi, uliokuwa umeshagusa lile tawi. Nilijua anachokitaka kwa sababu nilikuwa nimemwona mwaka mzima dirishani. Alikuwa na mwezi wa kweli mbele ya macho yake, na shahidi aliye tayari kuapa.

"Ushahidi wa macho, Haji," akasema mwishowe, "hauazimwi." Akaingiza mkono mfukoni, akahakikisha ufunguo wa gari uko humo. "Na huu ninabaki nao mimi. Mpaka upasuliwe macho."

Kibanda cha simu kilikuwa kando ya duka la wasafiri, mwendo mfupi kwa miguu. Nilikwenda naye, kamba ya Seneta mkononi. Sauti ya Mzee Khamis ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikuhitaji kukaribia.

"Haya, Rubani, tupe habari! Watu wamejaa hapa!"

"Ushahidi haukutimia, Mzee. Timizeni thelathini."

"Milima yote hiyo, na hata ndege hukuona?"

Nyuma yake watu walicheka, chumba kizima, wanawake na wanaume. Baba alisubiri wamalize. "Ndege nimeiona, Mzee," akasema, akaweka simu chini.

Nilikuwa nimekasirika hata nikasahau kuvaa glavu. "Lakini tumeuona! Ungesema wewe umeuona!"

"Ningesema mimi nimeuona, swali la pili lingekuwa, na Haji je?" Alitembea kidogo. "Haji ni dereva, mwanangu. Akitaka kusema habari ya macho yake, atasema kwa ulimi wake, si kwa wangu." Kisha akachuchumaa mbele yangu. "Wewe pembe uliziona zinaelekea wapi?"

"Juu. Kama kisahani."

"Basi umeuona," akasema, akainuka.

Asubuhi aliniamsha jua likiwa limeshapanda. Alikuwa ameoga kwa maji baridi ya bomba na kuvaa kanzu, kofia imenyooka. Aliniwekea kidole mdomoni, tukamwacha Ami Haji ndani ya hema na Seneta amefungwa kwenye mti, tukapenya kichakani mpaka nyuma ya jabali kubwa. Pale akaleta takbira kwa sauti ya chini sana, midomo tu. Akasali, nami nikasali nyuma yake. Halafu akafungua kipande cha gazeti, akatoa tende, akaitia kinywani. Mchana.

Nilishtuka. Chuoni, tulikosomea Kurani, watoto walikuwa na jina moja tu la mtu anayekula mchana wa Ramadhani. "Baba! Umekuwa kobe?"

Alicheka mpaka akakaribia kupaliwa. Akanieleza kama alivyoelezwa na mwalimu wake utotoni: mtu akiuona mwezi wa kufungua peke yake, na ushahidi wake usitimie, Idi kwake imeshaingia na kufunga siku hiyo kwake ni haramu. Lakini ale kwa siri, asiwatie watu maneno. "Kwa hiyo leo ni Idi," akasema. "Yangu na yako tu. Kula."

Tulikula tumejibanza nyuma ya jiwe kama wezi wa kuku. Nimeuliza watu wengi maishani mwangu habari za dini, sayari na mambo mengine, wasomi na wasio wasomi, na sijapata sheria nyingine iliyonishangaza kama hiyo, inayomwamuru mtu afurahi peke yake na afiche.

Matawi yakavunjika. Baba akaficha mkono wake nyuma ya mgongo, kama mtoto. Alitokea Seneta kwanza, pua chini, ameivuta kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Ami Haji, ambaye safari nzima alikuwa hataki hata kukalia upande wa gari uliokaliwa na yule mbwa. Ameishika kamba kwa mkono mtupu, ameizungusha kwenye kiganja mara mbili.

"Huyu alijua mlipo," akasema. "Mimi nimemfuata tu. Mwala nini?"

Mkono wa Baba ulibaki nyuma ya mgongo.

"Rubani..." Akaacha. Akaanza upya kwa jina la Baba, jina lake lenyewe, ambalo nilikuwa sijalisikia mdomoni mwake kwa mwaka mzima. "Suleimani. Umeuona kweli?"

"Nimeuona."

"Wallahi?"

"Wallahi, Haji."

Ami Haji alilipapasa jabali kwa kiganja, akapata mahali palipo bapa, akakaa. Akanyoosha mkono wazi.

"Basi nipe yangu."

"Wewe hukuuona," Baba akasema. "Wewe leo una siku ya thelathini."

"Mimi sikuuona. Wewe umeuona. Yanitosha."

Baba alichagua tende, akaipasua kwa kidole gumba akaitoa kokwa, akaiweka katikati ya kile kiganja, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe. Ami Haji akasema bismillahi, akala, mchana kweupe.